Mzee wa moyo anahitaji shahidi, si umati

Mzazi akilazwa Dar es Salaam, familia hugawana kazi bila hata kukaa kikao. Dada mkubwa anapika. Shemeji mwenye gari anabeba watu. Aliyeko Mwanza au Muscat anatuma hela. Shangazi anasimamia dua, na mdogo wa mwisho anafungua kundi la WhatsApp ambalo kabla ya magharibi limeshajaa majina ya waliochanga na walioahidi. Ni utaratibu mzuri, na anayeubeza hajawahi kulala wodini bila mtu wa kumuulizia. Ila kuna kazi moja ambayo haipewi mtu: kazi ya kujua.

Ugonjwa unaitwaje, nani daktari wa mzee, usiku wa jana ilitokea nini, dawa gani imeongezwa na ipi imeondolewa, kipimo kipi bado kinasubiriwa. Uliza maswali hayo kwenye lango la hospitali saa kumi jioni, ndugu saba wakiwa na vikapu mkononi, na kila mmoja atamtazama mwenzake. Kwa mguu uliovunjika, ujinga huo hauna madhara makubwa kwa sababu picha inaonyesha mfupa uliko. Kwa mzee aliyelazwa kwa sababu mapigo ya moyo yamevurugika, unaweza kumgharimu maisha. Kwa hiyo kabla familia haijachagua mtu wa kupika uji, ichague mtu wa kujua, yaani shahidi wa ugonjwa wa mzee.

Sababu iko kwenye ugonjwa wenyewe. Moyo unajiendesha kwa umeme wake. Kundi dogo la seli katika chumba cha juu cha kulia hutoa amri mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia; amri hiyo hupita katikati ya moyo, husubiri kidogo, kisha husambaa kwenye vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Hitilafu inaweza kutokea popote njiani. Vyumba vya juu vinaweza kutetemeka ovyo badala ya kusukuma, hali inayoitwa fibrilesheni ya atiria. Hapo damu hutuama na kuganda, na bonge likisafiri hadi kwenye ubongo mtu hupata kiharusi. Hatari hiyo ni takriban mara 5 ya ile ya mtu asiye na tatizo hilo. Au amri inakwama katikati, vyumba vya chini vinabaki kujiendesha kwa mapigo 30 au 40, mzee anaishiwa nguvu na kuanguka. Au vyumba vya chini vyenyewe vinaanza kukimbia bila kusubiri amri, na hiyo ndiyo inayoua haraka kuliko zote.

Nyingi ya hitilafu hizi huja na kuondoka. Mzee anaanguka chooni alfajiri, anafikishwa hospitali saa tatu, anavalishwa nyaya kifuani kwa kipimo cha umeme wa moyo, na karatasi inatoka safi kabisa. Kipimo hicho cha kawaida kinarekodi sekunde 10 tu au zaidi kidogo. Ndiyo maana kuna Holta, kifaa kidogo anachovaa mgonjwa kwa saa 24 au zaidi, lakini nacho kinakamata tu kinachotokea siku alipokivaa. Yaliyobaki yote daktari anayapata kwa aliyeyaona.

Na nani aliyaona? Hapa ndipo familia zetu zinapokosea, tena kwa sababu ya adabu. Heshima inafuata umri na mfuko. Anayeongea na daktari ni kaka mkubwa aliyetoka Mbezi Beach na foleni yake, au mjomba aliyepiga simu kutoka Uingereza na kuomba simu iwekwe spika. Aliyekuwepo mzee alipodondoka ni dada wa kazi, au mjukuu wa darasa la sita. Huyo amebaki nyumbani kufua mashuka. Daktari anauliza: alipoteza fahamu au aliteleza tu? Alizinduka mara moja au baada ya muda? Alipauka? Alitingishika? Kaka mkubwa anajibu kwa kujiamini mambo aliyosimuliwa na mtu aliyesimuliwa.

Tofauti hizo si za kupamba faili. Mtu ambaye moyo wake umesimama kwa sekunde kadhaa anaweza kutingishika mikono na miguu, na mtaani hilo lina majina mawili tayari: kifafa na mapepo. Wapo wanaokunywa dawa za kifafa kwa miaka huku kosa liko kwenye umeme wa moyo. Aliyeanguka ghafla bila dalili, akapauka, kisha akazinduka ndani ya dakika moja na kuuliza "nimefanyaje?", anamwelekeza daktari kwenye moyo. Aliyeamka amechanganyikiwa kwa nusu saa na ameuma ulimi anamwelekeza kwingine. Mjukuu wa darasa la sita anaweza kusema hayo yote akiulizwa kwa upole. Mleteni, au mpigieni simu mbele ya daktari.

Kazi ya shahidi haihitaji shahada wala hela. Inahitaji daftari. Kaunta buku ya kawaida inatosha: tarehe, saa, kilichotokea, alikuwa anafanya nini, kilidumu muda gani, mapigo mangapi. Mapigo yanahesabiwa kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, kwa dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha, moyo unaoruka utakudanganya. Piga picha paketi za dawa zote alizokuwa akimeza nyumbani, zikiwemo za mitishamba ambazo mama mdogo alizileta kimya kimya kutoka Kariakoo. Daktari akizikuta kwenye orodha anaweza kununa. Asipozijua ataandika dawa zinazogombana nazo.

Kuna mazungumzo ambayo hurudiwa wodini kila siku:

"Dokta, samahani, mzee wetu anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri."

Hapo hakuna kilichoulizwa na hakuna kilichojibiwa. Madaktari hupita raundi asubuhi, mara nyingi ndugu wakiwa nje ya lango wakisubiri saa ya kuona wagonjwa. Shahidi amuulize sista ni saa ngapi daktari hukutana na ndugu, aende na daftari, na aulize mambo yanayojibika: ni hitilafu gani mmeiona, chanzo chake mnakishuku nini, leo mnasubiri kipimo gani, tukio gani likitokea tumwite mtu mara moja. Swali la chanzo lina uzito wake peke yake. Moyo hupoteza mpangilio kwa sababu ya presha ya miaka mingi, valvu (milango ya damu ndani ya moyo) zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, pombe, au madini ya mwilini yaliyopungua baada ya kuharisha au kutumia dawa za kukojosha maji. Baadhi ya hayo yakitibiwa, moyo unaweza kutulia.

Monita nayo inastahili neno. Ndugu wakiruhusiwa kuingia, macho yao yote yanakwenda kwenye kioo chenye mistari ya kijani, na kila mlio unawatoa jasho. Kengele nyingi hulia kwa sababu mgonjwa amegeuka au waya umelegea. Mtazameni mzee usoni, muulizeni kifua kinambana au la. Akibadilika, mwiteni sista hata kama mashine imenyamaza.

Kuna dhana nyingine inayopotosha: tunaposema mgonjwa wa moyo tunamwaza babu wa miaka 85. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, uliofuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 55, na chanzo kilichoongoza kilikuwa presha, asilimia 45. Moyo wa namna hiyo ndio shamba la hitilafu za mapigo. Miaka 55 ni mzazi ambaye bado analipa ada, bado ana fremu Manzese au zamu bandarini. Mtoto anayesimama pembeni ya kitanda yuko chuo au ndio kwanza ameajiriwa. Utaratibu wa msamaha wa matibabu kwa wazee wasio na uwezo unaanzia miaka 60, kwa hiyo familia nyingi zinaangukia kwenye shimo lililo katikati: mzee si mzee kwa hesabu za serikali, lakini hawezi tena kazi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya unamruhusu mtumishi aliyeajiriwa kuandikisha mwenza na wategemezi hadi wanne, wazazi wakiwemo. Vijana wengi wanakumbuka hilo wakiwa dirisha la malipo wakisubiri kontroo namba, na kadi haitengenezwi siku hiyohiyo.

Sasa kuhusu kuficha. "Mzee asiambiwe, atapata presha." Sentensi hii ina nguvu kuliko ushauri wa daktari bingwa, na naipinga bila kumung'unya maneno. Ni kweli hofu inaongeza kasi ya moyo. Lakini mzee anayeona watoto wake wananong'ona mlangoni na shangazi anafuta machozi kwa pembe ya kanga ameshaogopa tayari, tena anaogopa kitu asichokijua. Zaidi ya hapo, yeye ndiye shahidi wa kwanza. Asipojua kwamba kizunguzungu na moyo kuruka ni habari, atavumilia kimya usiku kucha ili asisumbue watoto. Na akisharudi nyumbani ni yeye atakayemeza vidonge. Mtu asiyejua kwa nini anameza dawa huacha siku anapojisikia nafuu. Mwambieni kwa lugha anayoielewa, taratibu, kwa mdomo wa mtu anayemwamini. Baba wengi wa Pwani niliowaona wakiambiwa ukweli walikuwa watulivu kuliko waliouficha.

Chakula ni sura ya mapenzi, na sitaki kuwa mtu wa kuyazuia. Lakini hotpoti ya supu yenye chumvi ya kutosha inamrudishia maji mwilini mgonjwa ambaye daktari anahangaika kuyatoa. Madafu yanahitaji tahadhari zaidi. Yana potasiamu nyingi. Kwa mtu ambaye dawa za kukojosha zimempunguzia madini hayo yanaweza yasimdhuru, lakini kwa mwenye figo dhaifu, au anayetumia dawa zinazozuia potasiamu isitoke, yanaweza kuipandisha hadi moyo ukapunguza mwendo au kusimama. Wote wawili wanaweza kuwa wamelala vitanda vinavyotazamana. Kumletea mzee dafu la barabarani kwa kuwa la jirani lilimfaa ni kubahatisha. Muulizeni daktari, na jibu liandikwe kwenye daftari.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, inaanza siku ya kuruhusiwa, wakati kundi la WhatsApp linajaa "Mungu ni mwema" na kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Mwenye fibrilesheni mara nyingi anatoka na dawa ya kuzuia damu isigande, na kwa wengi hapa ni warfarini. Ni dawa ya zamani, imetumika kwa binadamu tangu miaka ya 1950, na ina mstari mwembamba. Inapimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR, na kwa wengi wenye hitilafu hii kinatakiwa kusoma kati ya 2 na 3. Ikiwa chini, damu inaganda na kiharusi kinarudi mezani. Ikizidi sana, mgonjwa anaweza kuvujia damu tumboni au kichwani. Dozi inabadilishwa kufuatana na kipimo, kwa hiyo mgonjwa anayekunywa warfarini bila kupima hajui anakunywa nini.

Mboga za majani zina vitamini K, ambayo inapunguza nguvu ya dawa. Watu wakisikia hivyo wanamkataza mzee mchicha, matembele na kisamvu kwa mwezi mzima, kisha Ramadhani au sikukuu anakula sahani mbili. Hiyo ndiyo inayovuruga. Ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, na dozi ipangwe juu ya chakula chake halisi. Kwa upande wa pili, duka la dawa la mtaani lina vitu vinavyoipandisha nguvu warfarini au kuongeza kuvuja damu: vidonge vya metronidazo kwa tumbo, septrini, diklofenaki kwa mgongo, aspirini kwa kichwa. Sindano ya takoni kwa ajili ya homa inaweza kuacha uvimbe wa damu kwenye nyama. Hata dawa mseto ya malaria ina onyo kwa wanaotumia baadhi ya dawa za kurekebisha mapigo, kwa sababu inagusa umeme wa moyo. Sisemi malaria isitibiwe. Nasema anayemsindikiza mzee zahanati aende na daftari na aseme kabla sindano haijavutwa: huyu anatumia dawa hizi za moyo.

Watoto wenye uwezo huuliza kwa nini mzee asipewe dawa mpya zisizohitaji INR. Swali zuri, na kwa wagonjwa wengi jibu ni ndiyo, kama hela ipo kila mwezi bila kukatika, maana nguvu yake inaisha mwilini haraka mtu akiruka dozi. Lakini si kwa wote. Utafiti mkubwa wa INVICTUS, uliotoka mwaka 2022 na kuhusisha wagonjwa wapatao 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, uliwalinganisha watu wenye fibrilesheni iliyotokana na valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Waliotumia dawa za kundi la warfarini walipata matukio machache ya hatari na vifo vichache kuliko waliotumia rivaroksabani, dawa mpya na ya bei. Mtoto wa Houston anayeagiza dawa mpya kwa DHL bila kuuliza hali ya valvu za mama yake anafanya ukarimu wa hatari.

Kwa mzee ambaye umeme unakwama njiani, tiba ni pesimeka, kifaa kinachoupa moyo amri ya kupiga, ambacho mtaani kinaitwa betri ya moyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyo ndani ya eneo la Muhimbili pale Upanga na iliyoanzishwa mwaka 2015, inakiweka hapahapa. Zamani wengi walipelekwa India. Bado jina lenyewe linatisha, na vikao vya familia huchelewa kuamua: ikiisha chaji je, simu itaizima, mwili utakataa? Betri haichajiwi, hukaa takriban miaka 8 hadi 12, kisha kifaa hubadilishwa. Simu isiwekwe mfuko wa shati juu yake. Umbali wa sentimita 15 unatosha. Wanaotaka ushahidi wafikirie Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa hicho, mwezi Oktoba 1958. Cha kwanza kilikufa baada ya saa chache. Alibadilishiwa vifaa kwa miongo zaidi ya minne, jumla 26, na akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86. Kinachonivutia mimi katika kisa hicho ni mke wake, Else-Marie. Ndiye aliyewaandama daktari wa upasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wakakubali kujaribu. Alijua mume wake anazimia mara ngapi kwa siku, na hakukubali kuambiwa arudi kesho.

Nchini kwetu Else-Marie ana tatizo la ziada: kesho ana kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, katika kifungu cha 34 kama kilivyoandikwa mwaka 2004, inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Kwa mzazi, kifungu hichohicho kinataja kifo tu. Kwa maneno mengine, mwajiri anawajibika kukulipa siku za kumzika baba, lakini siku ya kukaa naye mbele ya daktari ni juu ya huruma ya bosi. Katika jamii inayojisifu kwa kulea wazazi, hilo ni jambo la kushangaza, na bunge lingeweza kulirekebisha kwa kuongeza mzazi kwenye mstari wa ugonjwa. Sheria hiyo imeweka kiwango cha chini, kwa hiyo hakuna mwajiri anayezuiwa kutoa zaidi leo hii bila kusubiri Dodoma.

Lakini wengi wa mashahidi wa jiji hili hawana mwajiri. Wana meza ya nguo Mwenge, bodaboda ya mkataba, banda la chakula Tandika. Likizo yao ni mauzo yaliyopotea, na kwa kuwa wao ndio "wenye nafasi", ndio wanaopewa zamu zote. Mtunza hazina wa familia akiorodhesha dawa, vipimo na nauli za wageni, aandike pia kiasi cha kumfidia mama lishe aliyefunga banda ili kushika daftari, na kiasi hicho kilipwe kabla ya kununua hotpoti ya tatu.